Masikio sita chini ya gari: mapitio ya kifaa cha kusaka milio ya stelingi na breki

Gari likianza kugonga ukikata kona, au kulia ukikanyaga breki, mambo huenda vilevile karibu kila gereji. Fundi analizungusha mtaa mmoja, anashuka, anasema "hii shokapu." Shokapu inabadilishwa, mlio upo palepale. Zinafuata linki za stabilaiza, halafu boljointi, na mwenye gari anaishia kununua mguu mzima wa mbele kwa sababu ya bushi moja, kile kipande cha mpira kinachokaa kati ya vyuma. Si kwamba fundi hajui kazi. Mlio anaousaka unatoka gari likiwa kwenye mwendo na limebeba uzito, naye yuko ndani, chuma chote cha mbele kikimsambazia sauti hadi kwenye dashibodi. Ukiliinua kwa jeki, linanyamaza kimya.

Kifaa tunachokipima hapa kimetengenezwa kwa shida hiyo tu. Ni kiboksi cha kushika mkononi chenye hedifoni na waya sita ndefu. Kila waya inaishia kwenye klipu ya chuma, mfano wa kibanio cha betri lakini ndogo, yenye maikrofoni inayopokea mtetemo wa chuma ilipobanwa. Unazibana klipu sehemu sita unazozishuku, unaingia barabarani, kisha unazungusha swichi kutoka namba 1 hadi 6 ukisikiliza wapi panagonga. Toleo lenye jina ni ChassisEAR la Steelman wa Marekani. Yanayopatikana kirahisi mitandaoni kwa bei ya chini ni nakala za China zenye mpangilio uleule: chaneli sita, kirekebisho cha sauti, betri ya mraba ya volti 9. Mapitio haya yanahusu aina hiyo ya waya. Zipo pia zisizo na waya, na faida yake ni kuondokana na kazi ya kupitisha nyaya. Ila kila kirusha sauti chake ni kinene, kina betri yake, na huku chini kwenye Vitz au Passo nafasi ya kukifunga mahali salama ni ya kutafuta.

Tuseme mapema: kwa gereji inayofanya kazi za stelingi, breki na shokapu kila siku, hiki ni kifaa cha maana. Kwa mwenye gari moja ni anasa, kwa sababu milio mingi inapatikana bure.

Kwanza, visivyohitaji kifaa

Mlio mwembamba wa kwiii unaosikika gurudumu likizunguka, na kubadilika au kukatika ukigusa breki, mara nyingi ni ule ulimi mdogo wa chuma uliopachikwa kwenye pedi. Umewekwa makusudi uguse diski pedi inapobaki milimita 2 au 3. Chukua tochi, chungulia kwenye matundu ya rimu, utaona pedi imebaki kiasi gani. Ila kumbuka pedi ya ndani, upande wa pistoni, huweza kuisha kabla ya ile ya nje unayoiona. Kama umeona ya nje ni nzima na kelele ipo, vua tairi.

Ikishakuwa krrr ya kusaga, chuma kwa chuma, hakuna cha kusikiliza tena. Gari lisimame, kila kilomita inachimba diski. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umechongwa kwenye diski yenyewe, pembeni au kwenye kofia yake ya katikati, kwa hiyo fundi asikwambie "bado inafaa" bila kupima.

Wanaopita barabara za changarawe waanze na kokoto. Bati jembamba lililo nyuma ya diski hunasa kijiwe, na kelele yake inatisha kuliko ubovu wenyewe: mkwaruzo mkali usiokatika, mara nyingine unapotea ukikata kona na kurudi gari likinyooka. Rudisha gari nyuma mita chache. Kikigoma kutoka, livute bati kidogo kwa bisibisi. Kazi ya dakika tano, lakini tayari imeuza pedi nyingi tu kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi.

Tak-tak-tak unapokata stelingi yote na kutembea polepole, inayoongeza kasi gari likiongeza mwendo, ni sivijointi ya nje, kiungo cha shafti kinachozungusha gurudumu. Hapa pia macho yanatosha: mpira wake umepasuka, na ndani ya rimu kuna grisi iliyorushwa kwa mduara. Grisi ikishatoka, vumbi linaingia, gololi zinachimba njia zake, na kuweka mpira mpya na grisi mpya hakurudishi chuma kilicholiwa.

Stelingi ya mafuta ikivuma ng'weee ukiizungusha, fungua chupa yake. Mafuta yakiwa chini ya alama au yana povu, pampu inameza hewa, na mahali hewa inapoingilia mara nyingi ni klipu ya mpira unaotoka kwenye chupa kwenda pampu. Kelele ya ghafla, kama mbwa aliyekanyagwa mkia, ni mkanda unaoteleza. Na ule mfoko unaosikika stelingi ikifika mwisho kabisa ni wa kawaida, ni vali inayopunguza presha. Usiishikilie hapo kwa sekunde nyingi, unachemsha pampu bure.

Halafu kuna jaribio ambalo hakuna kifaa kinachoshindana nalo kwa bei. Gari likiwa chini kwa magurudumu yake, handibreki imevutwa, mmoja azungushe usukani taratibu kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Mwingine aweke kiganja juu ya springi ya mbele, vidole visiingie kati ya mizunguko. Springi nzima inapaswa kuzunguka laini. Ikisita, ikajikunja, kisha ikaruka kwa "ngo!" unaousikia mkononi kabla ya sikioni, beringi ya juu ya shokapu imekwama. Fundi akikubadilishia shokapu bila hiyo beringi ya juu, umelipa kazi mara mbili.

Kubana klipu ndiyo kazi yenyewe

Wengi wanaokilalamikia kifaa hiki wamezibana klipu ovyo. Kuna mambo matatu ya kushika.

La kwanza, ubane kwenye chuma kitupu. Klipu iliyokaa juu ya tope kavu, mpira au rangi nene inaleta sauti iliyofifia, na wewe utadhani sehemu hiyo ni nzima. Brashi ya waya mapajani muda wote.

La pili, joto na kuzunguka. Usibane kwenye shafti, diski wala chochote kinachozunguka. Kalipa yenyewe, ile inayobana pedi kwenye diski, inapata moto ukifunga breki mfululizo, kwa hiyo bana kwenye braketi inayoishika, au kwenye nako, lile chuma kubwa linalobeba beringi ya gurudumu, mbali na diski. Waya ikigusa diski ya moto inayeyuka na maikrofoni hiyo umeiaga.

La tatu, ndilo linalosahaulika: waya lazima iwe na ulegevu wa kutosha gurudumu likishuka kwenye shimo na likikatwa kushoto na kulia. Funga kwa zipu za plastiki kwenye sehemu zisizocheza, ipitishe juu kuelekea kwenye kioo cha mlango. Kabla ya kushusha jeki, kata stelingi mwisho hadi mwisho mara mbili huku mtu akitazama chini. Gari likiwa juu liwe limekaa kwenye stendi, si jeki peke yake. Na ukirudisha matairi, nati zikazwe kwa spana ya kipimo; Toyota nyingi ndogo zenye boliti za milimita 12 zinataka Nm 103. Nati zilizokazwa bila usawa hupindisha diski kidogo kidogo, na wiki chache baadaye una mtetemo wa breki ambao haukuwepo ulipokuja.

Dereva asivae hedifoni. Anayesikiliza ni abiria, na kazi ya dereva ni kuurudia mlio uleule kwa mwendo uleule.

Jinsi ya kusikiliza

Chuma kinapitisha sauti, kwa hiyo ukibana klipu kwenye amu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu), subfremu (fremu ndogo ambayo amu zimefungwa) na reki (mtambo wa stelingi unaokata magurudumu), zote tatu zitagonga. Anayeanza anachagua iliyo na sauti kubwa zaidi na anakosea. Sauti ya chanzo huwa kavu na kali, ina ncha. Ya jirani imezibwa, kama mtu anayepiga mlango wa chumba cha pili. Weka kirekebisho cha sauti palepale kwa chaneli zote. Ukiongeza na kupunguza unapohama namba, umeshapoteza kipimo.

Njia inayofanya kazi ni kupunguza eneo. Mzunguko wa kwanza, bana kwa mapana: nako ya kushoto na ya kulia, shokapu juu kushoto na kulia, na mbili kwenye subfremu. Ukishajua upande, klipu zote zihamie upande huo. Na daima acha moja upande mzima, sehemu ileile, iwe kipimo cha kulinganisha. Bila hiyo utaanza kushuku kila kitu, maana hata gari jipya kule chini linapiga kelele za ajabu.

Chukua mfano unaosumbua sana: "tok" moja, si mbili, unapokanyaga breki gari likikaribia kusimama, na "tok" nyingine ukirudi rivasi. Kwenye Toyota za gurudumu la mbele, amu ya chini ina bushi ya mbele, bushi ya nyuma na boljointi. Breki zinapofunga, gurudumu linasukumwa nyuma, na bushi ya nyuma ndiyo inayobeba msukumo mwingi. Bana klipu moja kwenye amu karibu na bushi ya nyuma, ya pili karibu na bushi ya mbele, ya tatu kwenye nako jirani na boljointi, ya nne kwenye braketi ya kalipa, ya tano kwenye braketi ya injini, ya sita kwenye amu ya upande wa pili. Uwanja mtupu, kilomita 10 kwa saa, breki nyepesi, simama; rivasi, breki nyepesi, simama. Rudia mara sita, kila mara namba moja. Kama namba 1 ni kavu na 4 imezibwa, chukua mtaimbo mfupi, uuingize kati ya amu na subfremu, usukume. Mpira uliochanika utaonekana ukifunguka kama mdomo. Kama namba 4 ndiyo kali, usiguse bushi: pedi zinacheza ndani ya braketi yake. Na kama ni ya tano, mpira wa kushikilia injini umekatika na amu haina kosa lolote.

Kwa pedi zinazocheza kuna ushahidi mwingine wa haraka. Kwenye barabara mbovu gari linagonga kokokoko, mguu ukigusa breki kidogo tu, kelele inakatika, ukiachia, inarudi. Mara nyingi vile visahani vyembamba vya chuma vinavyokaa kwenye masikio ya pedi vilitupwa mara ya mwisho pedi zilipobadilishwa, kwa sababu pedi mpya "ziliingia vizuri bila hivyo." Vinunuliwe. Pini za kalipa zitolewe, zifutwe, zipakwe grisi ya breki inayovumilia joto na isiyodhuru mpira. Grisi ya beringi inavimbisha mipira ya pini, na kalipa inakwama upande mmoja. Pini yenye mpira mdogo kwenye ncha ina tundu lake. Ukizibadilishana, umetengeneza ubovu mpya.

Breki za nyuma za dram hazihitaji ujanja: klipu kwenye bati la nyuma, kila upande. Ukisikia kwi-kwi inayofuata mzunguko wa gurudumu upande mmoja, fungua dram. Vumbi lifutwe kwa brashi iliyoloweshwa, lisipulizwe kwa upepo. Halifai kuingia kifuani. Kisha grisi kiasi kidogo kwenye vile vituta vya bati ambavyo viatu vya breki huteleza juu yake. Kidogo, jamani. Ikifika kwenye bitana, ule upande wa kiatu unaosugua dram, viatu vinatupwa.

Mahali kinapolipa gharama yake

Beringi za magurudumu. Mvumo wa vuuu unaopanda na mwendo unachanganywa na matairi yaliyoliwa vibaya kila siku. Jaribio lisilohitaji kifaa ni hili: ukikata kidogo kushoto uzito unahamia kulia, kwa hiyo mvumo ukiongezeka, shuku beringi ya kulia, kinyume chake vilevile. Lakini ndani ya gari ni rahisi kudanganyika. Klipu nne, moja kwenye kila nako, kilomita 60 kwa saa barabara ya lami, na jibu linapatikana kwa kuzungusha swichi tu: beringi mbovu inasaga kama kokoto kwenye kopo, nyingine tatu zinavuma laini. Zote nne zikivuma sawasawa, hamisha matairi ya mbele nyuma kabla ya kununua beringi yoyote.

Sehemu nyingine ni shafti ya kati ya stelingi, ile inayounganisha usukani na reki. Ikilegea meno inatoa mlio mdogo, "tk", unaousikia viganjani zaidi ya masikioni unapokata stelingi polepole au ukivuka tuta. Mafundi wanabadilisha tairodi, wanabadilisha hata reki nzima. Si jambo la kubuni: Novemba 2012 Toyota iliita magari kama milioni 2.77 duniani, Corolla na Prius zikiwemo, kwa ajili ya shafti hiyo na, kwa baadhi, pampu ya maji. Meno ya shafti yangeweza kulika kama usukani ukikatwa kwa nguvu mara kwa mara hadi mwisho kwa mwendo mdogo. Magari ya miaka hiyo yaliyotoka Japani kama mtumba yamejaa kwetu. Bana klipu moja juu ya reki na nyingine kwenye bomba la stelingi chini ya dashibodi, karibu na miguu ya dereva. Ikigonga kavu ya juu na reki imetulia, shafti ndiyo yenye kosa.

Kinapoanguka

Kelele za mpira ukiusugua mpira, kama bushi za stabilaiza zilizokauka, hakizipati vizuri. Chupa ya maji ya sabuni iliyopulizwa bushi kwa bushi inakishinda. Kelele zilizo ndani ya usukani wenyewe, ule mkwaruzo wa karatasi unaotoka nyuma ya mpira wa honi, ziko nje ya uwezo wake. Na grrr fupi ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, ukifunga breki kwenye changarawe itasikika kwenye kila chaneli. Ni pampu yake inafanya kazi, usiitafutie dawa.

Nakala za bei nafuu zina udhaifu unaojulikana. Waya hukatika shingoni mwa klipu, hivyo zifunge mpira wa kubana kwa joto au tepu ya umeme siku ya kwanza, kabla hazijaanza kupoteza sauti. Hedifoni zinazokuja nazo ni nyepesi na zinaruhusu kelele ya injini kuingia. Kama tundu linakubali nyingine, vaa zinazofunika sikio lote. Vibandiko vya namba vinabanduka vikikutana na mafuta, na kuna mafundi wanaopaka kila klipu rangi ya kucha tofauti, rangi ileile na kwenye kiboksi. Betri ikichoka, kifaa kinaanza kuunguruma chenyewe, na huo mvumo unafanana mno na beringi.

Ukikipokea, kijaribu mezani. Vaa hedifoni, gonga kila klipu kwa ukucha, nguvu ileile, 1 mpaka 6. Zikitofautiana waziwazi, rudisha. Baadaye barabarani, kila ukipata jibu linalokushangaza, badilishana klipu mbili, ya kushoto ikae kulia. Mlio ukiifuata klipu, umekamata maikrofoni mbovu. Ukibaki pale ulipokuwa, sasa unaweza kwenda kununua spea.

Mwenye gari asiyekinunua bado anaweza kufaidika nacho: akifika gereji yenye kifaa hiki, aombe kukaa kiti cha abiria na hedifoni masikioni, asikie upande mbovu na upande mzima kabla klipu hazijabanduliwa.